SIKIO LA MWANAFUNZI

Masomo: Isaya 50:4, Marko 7:31–37



Nabii Isaya, katika sura ya 50, anatuletea Mtumishi wa Bwana akieleza jinsi alivyoipata kazi yake. Mungu alimpa ulimi wa kumtia nguvu mtu aliyechoka. Hicho ni kipawa kikubwa, na kila mhubiri angependa kuwa nacho. Lakini tukiusoma mstari wa 4 mpaka mwisho wake twaona kwamba ulimi huo una chanzo. Kila kunapokucha Mungu humwamsha Mtumishi wake na kulizindua sikio lake, ili asikie kwa namna asikiavyo mwanafunzi aliyeketi mbele ya mwalimu. Sikio hutangulia, ulimi hufuata. Asiyekubali kufundishwa hana la kumwambia aliyechoka.

Mwezi huu tungependa kulifafanua neno hilo kwa mfano ambao huenda ukawashangaza baadhi yenu, nao ni mfano wa gitaa. Vijana wa kwaya wanaipenda sana ala hii, na wazee wengine wanaitilia shaka kwa kuwa waliizoea katika dansi. Shauri hilo hatuliamui hapa. Tunataka kutazama jinsi gitaa linavyofundishwa katika vyuo vya muziki vya Ulaya, maana katika mafundisho hayo limo jambo ambalo Kanisa lilipewa na Bwana wake tangu mwanzo, na ambalo mtaa wowote waweza kuliacha bila kujua.

Gitaa tunalolisema si lile la umeme linalopigwa katika bendi, wala si lile linalopigwa kwa kijiti ili kuwasindikiza waimbaji. Ni gitaa la muziki wa klasiki. Lina nyuzi sita. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Tangu miaka ya 1940 zimekuwa zikitengenezwa kwa nailoni, na zile tatu nene huzungushiwa waya mwembamba. Umbo lake la leo limetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya fundi mmoja Mhispania, Antonio de Torres wa Almería, aliyeishi kati ya mwaka 1817 na 1892. Kwa desturi mpigaji huketi, mguu wake wa kushoto ukiwa juu ya kigoda kidogo, na gitaa likiegemea paja hilo. Kucha za mkono wa kulia huziacha zikue kidogo na kuzisugua kwa tupa zisikwaruze. Za mkono wa kushoto huzikata kabisa. Kidole gumba cha kulia hupiga besi, na vidole vitatu vinavyofuata hupiga wimbo wenyewe pamoja na sauti za kati. Hivyo mtu mmoja hufanya kazi ya kwaya nzima.

Sasa mtu huyu hufundishwaje? Katika chuo cha muziki, kama Royal College of Music kilichofunguliwa London mwaka 1883, mwanafunzi husoma mambo mengi pamoja na wenzake: historia ya muziki, kusoma nota, kuzoeza sikio. Lakini somo la ala yake hulipata peke yake. Kila juma, kwa saa iliyopangwa, huingia katika chumba kimoja na mwalimu wake. Humo mna viti viwili, vigoda viwili vya mguu, na kinara cha kuwekea karatasi za muziki. Hakuna mwanafunzi mwingine. Hupiga kile alichojizoeza juma zima, na mwalimu husikiliza. Pengine atasimamishwa kabla hajamaliza mstari wa pili, na kuambiwa arudie sauti tatu tu, mara kumi, mpaka mkono uache kukaza. Kisha huondoka na jambo dogo la kufanyia kazi kwa siku saba. Juma lijalo, hivyo hivyo.

Sisi tuliofundisha walimu twajua hesabu ya jambo hili. Darasa la wanafunzi arobaini hufundishwa na mwalimu mmoja kwa kipindi kimoja. Wanafunzi arobaini wa gitaa, kwa njia hii, wanataka vipindi arobaini. Mkaguzi yeyote angeuliza kama huo si upotevu wa fedha na wakati. Hata hivyo vyuo hivyo, ambavyo navyo hubana matumizi kama vyuo vingine, haviachi desturi hii. Vimeona kwamba yako mambo yasiyoweza kufundishwa kwa njia nyingine. Tuyatazame mambo matatu.

Kwanza, katika somo la mtu mmoja hakuna pa kujificha.

Kila mwalimu wa shule ya msingi ameona jambo hili. Watoto hamsini wanakariri kwa pamoja, sauti inatikisa mabati, na mgeni anayepita nje husema darasa hili limeiva. Mwalimu mwenye uzoefu hupita kati ya madawati polepole, akiinama hapa na pale. Ndipo amwonapo mtoto mmoja ambaye midomo yake inacheza lakini hakuna neno linalotoka. Mtoto huyo hakusudii kudanganya. Sauti za wenzake zimembeba, naye hata hajui kwamba hajui. Mpiga gitaa hana nafasi hiyo. Akiwa chumbani na mwalimu wake, sauti inayosikika ni yake, na sauti inayokosekana ni yake vilevile.

Bwana wetu alihubiri makutano, na alilisha maelfu. Lakini tazameni ni mara ngapi aliwafundisha watu mmoja mmoja. Nikodemo alimjia usiku peke yake. Mwanamke Msamaria alimkuta kisimani peke yake. Yule kiziwi wa Dekapoli, ambaye habari zake tumezisoma katika Marko 7, Yesu alimtenga na mkutano, akampeleka kando, ndipo akamtia vidole masikioni. Marafiki zake walikuwa wameomba awekewe mkono tu, kwa haraka, pale pale penye watu. Bwana hakuifuata njia hiyo. Sikio la mtu lilihitaji kufunguliwa, na jambo la kwanza alilomfanyia ni kumwondoa katika kelele.

Kanisa letu limeuhifadhi mwendo huu. Ifungueni Katekisimo iliyomo katika Kitabu cha Sala, mtaona kwamba swali la kwanza anapoulizwa mtoto haliwahusu Musa wala Abrahamu. Anaulizwa jina lake. Wale waliolitunga fundisho hilo walitaka mtoto asimame kama yeye, ajibu kama yeye, kwa jina aliloitwa siku ya ubatizo. Swali hilo halina jibu la pamoja. Darasa zima likijibu kwa sauti moja, hakuna jina litakalosikika.

Pili, mwalimu wa namna hii husikiliza kuliko asemavyo.

Gitaa ni ala yenye sauti ndogo. Tena lina udhaifu wake: sauti ya uzi uliokwisha kudonolewa huanza kufifia papo hapo. Mpiga kinanda cha kanisani aweza kubonyeza kidole na sauti ikadumu mpaka atakapokiondoa. Mpiga gitaa hawezi. Kwa hiyo wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, hawana budi kutega masikio. Mwalimu husikiliza kama sauti imetoka nene au nyembamba, kama kidole kimewahi au kimechelewa, kama besi imeachwa iendelee kulia pale ilipopaswa kunyamaza. Aweza kukaa dakika kumi bila kunena neno, na mwanafunzi akatoka amefundishwa zaidi kuliko kwa hotuba ya saa nzima.

Kabla ya yote hayo, somo huanza kwa kulinganisha nyuzi. Nailoni huvutika, na joto na unyevu huibadilisha, hivyo gitaa lililokuwa sawa jana usiku asubuhi haliko sawa. Hakuna mpigaji, awe hodari namna gani, aliyepita hatua hii. Akipiga wimbo mgumu kwa ustadi wote juu ya nyuzi zilizolegea, ustadi wake huzidisha kero tu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, katika Waraka wa Kwanza, sura ya 14, akitumia mfano wa filimbi na kinubi: ala isiyotoa sauti zilizo wazi haimfai msikilizaji. Ndugu zetu, sala ya asubuhi ni kulinganisha nyuzi. Mkristo asiyeanza siku mbele za Mungu aweza kuwa na maneno mengi na shughuli nyingi za kanisa, na bado nyumba yake mwenyewe ikaumia masikio.

Katika kazi ya chuo cha ualimu tulikuwa tukienda shuleni kuwatazama wanafunzi wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tulikaa nyuma ya darasa, kwenye dawati la mtoto, na daftari magotini. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Mara nyingi kijana alifundisha vizuri, akauliza swali zuri, kisha akalijibu mwenyewe kabla ya mtoto kufungua kinywa. Tulimwambia: ngoja, hesabu mpaka tano kimyakimya. Wengi waliona hizo tano ni ndefu kama mwaka. Wale waliojifunza kungoja ndio waliokuja kuwa walimu. Je, wazazi, mtoto akikuulizeni habari za Mungu, mnangoja kusikia anachouliza hasa, au mnamkatiza kwa jibu mlilopewa ninyi zamani?

Tatu, elimu ya namna hii hupokewa mkono kwa mkono.

Francisco Tárrega, ambaye wapiga gitaa wote wa klasiki humheshimu, alizaliwa Hispania mwaka 1852. Akiwa mtoto mdogo alitumbukia katika mfereji wa maji na macho yake yakadhurika. Baba yake aliogopa kwamba mwanawe atakuwa kipofu, akaona afadhali ajifunze muziki, ili awe na njia ya kujipatia riziki. Na walimu wake wa kwanza wawili katika muziki walikuwa vipofu. Fikirini jambo hilo: wasioona walimwongoza mtoto mwenye macho mabovu, naye akaja kuwafungulia njia wapigaji wa nchi nyingi. Miguel Llobet na Emilio Pujol walikuwa wanafunzi wake, nao wakafundisha wengine. Tárrega alifariki mwaka 1909, lakini mazoezi yake yangali mikononi mwa wanafunzi hata leo.

Tutazame pia Uingereza. Julian Bream, aliyezaliwa London mwaka 1933 na kufariki mwaka 2020, aliwekewa vidole juu ya nyuzi kwanza na baba yake. John Williams, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1941, naye alianzishwa na baba yake akiwa na umri wa miaka minne. Williams alipoingia Royal College of Music mwaka 1956, chuo hakikuwa na idara ya gitaa, ikambidi asomee piano. Alipomaliza mwaka 1959 chuo kilimwomba aianzishe idara hiyo, naye akaiongoza kwa miaka miwili ya kwanza. Mlango wa chuo ulifunguka baadaye. Wa nyumbani ulikuwa umefunguka zamani. Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Katika waraka huo huo, sura ya 2 mstari wa 2, anamwagiza ayakabidhi aliyoyasikia kwa watu waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Hesabuni: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika mstari mmoja, na kila kizazi kilipokea kwa kusikia.

Hapa mtu aweza kuuliza: Mbona wako waliojifunza wenyewe? Ni kweli. Andrés Segovia, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1893, ambaye kuliko wengine wote alilitoa gitaa katika vibaraza na kulipandisha katika kumbi kubwa za dunia, alisema daima kwamba alijifundisha mwenyewe. Lakini tazameni alifanya nini alipokwisha kuwa mtu mkubwa. Kuanzia mwaka 1950, wakati wa kiangazi, aliketi Siena, Italia, akiwasikiliza vijana mmoja baada ya mwingine, na John Williams alikuwa mmoja wao. Yeye aliyetembea njia hiyo bila mwalimu hakutaka wengine waitembee hivyo. Alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 94.

Basi, haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kila mwaka Askofu anapokuja kwa ajili ya kipaimara twafurahi kuwaona vijana wamepanga mstari, mashati meupe, magauni meupe. Wanajibu kwa sauti moja, na wazazi wanapiga vigelegele. Ikifika Pasaka inayofuata, mstari huo umepungua. Ikifika ya pili, wengine hatuwaoni kabisa mezani pa Bwana. Twasema ni mambo ya mjini, ni simu, ni marafiki wabaya. Labda. Lakini na tujiulize: katika wote hao, ni nani aliyewahi kuketi na mtu mzima mmoja aliyemsikiliza akisoma Injili kwa sauti yake, akimwambia shaka yake, akikosea na kurudia? Kijana aliyesikilizwa katika kundi tu, kundi likitawanyika hana sauti ya kubaki nayo.

Kasisi wetu hawezi kuifanya kazi hii peke yake, wala mwinjilisti hawezi. Hesabu ya vipindi arobaini haitakubali. Lakini mtaa una wazee wengi, akina mama wa umoja, walimu waliostaafu, wakulima wanaoijua Biblia kuliko wanavyojidhania. Shauri letu ni hili: kila mmoja wetu achukue kijana mmoja. Mmoja tu. Nusu saa kila juma, wazazi wakijua, mahali pa wazi panapoonekana, barazani au chini ya mti karibu na kanisa. Kijana asome, mzee asikilize. Kijana aulize, mzee ahesabu mpaka tano. Wakimaliza, ampe jambo dogo la kufanyia kazi kwa siku saba: zaburi moja, sala moja, mgonjwa mmoja wa kumtembelea. Hakuna haja ya usomi. Walimu wa Tárrega hawakuwa na macho.

Lakini tusisahau mwisho wa mstari wetu wa Isaya. Sikio lilifunguliwa kwa ajili ya mtu aliyechoka. Mafundisho ya faraghani yasipotoka mlangoni hugeuka kuwa anasa. Katika jambo hili wapiga gitaa wana kisa ambacho husimuliana. Agustín Barrios, aliyezaliwa Paraguay mwaka 1885, aliishia San Salvador akifundisha gitaa. Yasemekana kwamba siku moja, akiwa na mwanafunzi katika somo, mlango ulibishwa: alikuwa bibi kizee akiomba sadaka kwa ajili ya upendo wa Mungu. Barrios akatunga muziki wenye jina hilo hilo la ombi la yule bibi. Ndani yake, chini ya wimbo unaotetemeka kama maji, besi hugonga taratibu, na kugonga tena, kama mkono wa maskini mlangoni. Ilikuwa kazi yake ya mwisho, mwaka 1944, na mwaka huo huo akafariki.

Somo lilikuwa la watu wawili, lakini mbisho ulisikika. Masikio yaliyozoezwa kusikia uzi mmoja ukilegea hayakushindwa kumsikia mama mmoja aliyechoka. Hivyo ndivyo Bwana atakavyo kwetu. Atuamshe asubuhi, atutenge kando na makelele, atutie vidole masikioni. Kisha aturudishe barabarani, kwa jirani yule ambaye mlango wetu ameubisha mara nyingi.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, Mwalimu mwema, uliyemtenga kiziwi na mkutano ili ulifungue sikio lake: tuamshe kila asubuhi tupate kukusikia. Wape wazee wetu uvumilivu wa kusikiliza, na vijana wetu ujasiri wa kujibu kwa majina yao. Wakumbuke wale waliotoka katikati yetu bila sisi kujua, uwaite mmoja mmoja, na ututume sisi kuwabishia hodi. Kwa ajili ya upendo wako, wewe uishiye na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.